Kalipa ya Nduthi ya Kitambo Imeshika? Soma Hii Kabla Uchukue Nyundo

Kuna pikipiki za miaka ya 70 zimelala kwa magaraji za watu Karen, Limuru, Nakuru na hata Mombasa, zimefunikwa gunia, zinangoja msee mwenye macho. Ukibahatika kupata moja, engine yaweza kuwaka siku hiyo hiyo. Lakini ukijaribu kuisukuma itoke nje, tairi ya mbele inakataa. Ama inazunguka ikilia kama geti ya shule, na ukifika kwa kona diski imechemka hadi maji yakiidondokea yanakuwa mvuke.

Hiyo ni kalipa imeshika. Hii risto ni yako kama una nduthi kama hiyo, ama unapanga kuinunua, ama unataka tu kujua fundi anapaswa kufanya nini ndio asikubebe ufala. Tutatumia Honda CB750 Four kama mfano, juu ndiyo ilianzisha hii mambo yote. Ilionyeshwa Tokyo 1968, ikaanza kuuzwa 1969, na ndiyo pikipiki ya kwanza ya kutengenezwa kwa wingi kuja na breki ya diski ya mafuta hapo mbele kutoka kiwandani. Kabla yake watu walikuwa wanasimamishwa na dramu na maombi.

Usichukulie poa. Mbele ndiyo hubeba kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, juu ukifunga breki uzito wote unakimbilia foki. Kalipa ikishika ukiteremka Mai Mahiu, ni moja kati ya mbili: tairi ifunge ghafla, ama mafuta ya breki ichemke na leva iingie hadi kwa mshikio bila kitu kutokea. Hakuna kati ya hizo unataka ukiwa na lori ya mchanga nyuma yako.

Kalipa ni nini, na inafanya kazi aje?

Kalipa ni ile mdomo ya aluminiamu imeuma diski. Ndani yake kuna shimo la mviringo, na ndani ya shimo kuna pistoni. Ukivuta leva, masta silinda kule juu kwa mshikio inasukuma mafuta, mafuta inasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi, pedi inabana diski. Rahisi hivyo.

Sasa swali ambalo wasee wengi hawajawahi kujiuliza: ukiachilia leva, nani hurudisha pistoni? Hakuna springi hapo ndani. Kazi hiyo inafanywa na sili, yaani pete ya mpira yenye kona nne imekaa kwa mfereji ndani ya ukuta wa kalipa. Pistoni ikitoka, sili inaishikilia na kupinda nayo kidogo. Ukiachilia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma sehemu ndogo sana ya milimita. Hiyo nafasi ndogo ndiyo inafanya tairi izunguke huru.

Shika hiyo point. Karibu kila shida ya kalipa kushika ni ya kitu kinachozuia sili kufanya hiyo kazi yake ndogo.

CB750 ina pistoni moja tu, upande mmoja wa diski. Ule upande mwingine una pedi ambayo haisukumwi na chochote. Ndio maana kalipa yote imefungwa kwa mkono unaoyumba kwa pini kwenye foki. Pistoni ikisukuma pedi yake, mkono unayumba na kuivuta pedi ya pili ibane pia. Kwa hivyo hapa kuna sehemu mbili za kusonga, pistoni na pini. Wasee hurekebisha pistoni wakasahau pini, alafu baada ya wiki wanarudi kulia.

Kwa nini hushika?

Mkosaji wa kwanza ni maji. Tunaiita "mafuta ya breki" lakini si mafuta kama ya engine. DOT 3 na DOT 4 hutengenezwa na kemikali inayofyonza unyevu kutoka kwa hewa, polepole, hata kama hujafungua kifuniko. Mafuta mpya ya DOT 3 inafaa ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, na DOT 4 nyuzi 230. Ikishakunywa maji, kiwango cha chini kinashuka hadi 140 na 155. Nduthi ikikaa miaka kumi bila kuguswa, hapo ndani sasa kuna supu.

Hiyo supu inafanya vitu viwili. Pistoni ni chuma iliyopakwa kromu, kwa hivyo kromu ikipata shimo, kutu inaanza chini yake na kuivimbisha. Ukuta wa kalipa nao ni aluminiamu, na aluminiamu haishiki kutu nyekundu, inatoa unga mweupe mgumu kama chokaa. Huo unga unajijenga ndani ya mfereji, nyuma ya sili. Sili inakosa pa kukaa na inaikaba pistoni kama kola ya shati imekuwa ndogo. Pistoni inatoka, hairudi.

Mkosaji wa pili ni uchafu. Pedi za CB750 ni za mviringo, na moja inakaa ndani ya shimo lilelile mbele ya pistoni. Vumbi la pedi, matope na maji ya mvua hujaa kando yake hadi inashika kama kork.

Wa tatu ni pini ya ule mkono kukauka grisi. Na wa nne na wa tano hawako hata kwa kalipa: ni paipu ya mpira iliyovimba ndani, na kashimo kadogo ndani ya masta silinda ambako mafuta hupitia kurudi. Hako kashimo ni kadogo sana, kipande cha takataka kinatosha kukaziba.

Tafuta mkosaji kabla ya kufungua chochote

Hapa ndipo unaokoa pesa. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, weka kipande cha mbao chini ya engine ndio tairi ya mbele ielee. Tafuta paipu ndogo ya plastiki, chupa na spana.

Jaribio la kwanza. Vuta leva, achilia, zungusha tairi. Kama imeshika, vika ile paipu kwa skrubu ya kublidi iliyo kwenye kalipa, kisha ilegeze kidogo. Tairi ikiachilia mara hiyo, basi kuna presha ilikuwa imefungiwa ndani, na kalipa yaweza kuwa haina makosa. Isipoachilia, shida ni ya chuma kwa chuma: pistoni, pedi ama pini.

Jaribio la pili, kama tairi iliachilia. Funga skrubu, vuta leva tena hadi tairi ishike. Funika tangi na kitambaa, kisha legeza kidogo bolti ya banjo inayoshika paipu kwa masta silinda. Tairi ikiachilia hapo, mkosaji ni masta silinda. Ikikataa hapo lakini ikubali ukifungua kule chini kwa kalipa, mkosaji ni paipu, imevimba ndani na inaruhusu mafuta kwenda lakini si kurudi.

Jaribio la tatu, kama ni ya chuma. Shika kalipa na mkono uiyumbishe kwa pini yake. Inafaa isonge. Ikiwa imekufa kabisa, pini ndiyo ngori. Pia cheki pedi: moja ikiwa imeisha sana kuliko mwenzake, ni dalili ya pini ama pistoni kukataa kusonga.

Majaribio haya matatu hayachukui hata nusu saa. Fundi akikuambia ununue kalipa nzima kabla ya kuyafanya, hepa.

Vitu unahitaji

Spana na eleni za saizi halisi, si za kubahatisha. Kifurushi cha sili mpya za modeli yako kamili, juu sili za CB750 na za CB500 si sawa. Mafuta ya breki, chupa ambayo haijafunguliwa. Spiriti ya methylated ama dawa ya kuosha breki. Brasso. Grisi ya mpira wa breki na grisi ya silikoni ya joto kali. Glavu na miwani. Vitambaa vingi. Na manual ya modeli yako, juu viwango vya kukaza bolti na unene wa diski vinatoka huko, si kwa kichwa ya mtu.

Vipuri vya gari za kawaida utapata Kirinyaga Road, lakini sili za Honda ya 1975 mara nyingi utaagiza nje. Habari njema ni kwamba CB750 iliuzwa sana duniani, kwa hivyo watu bado wanatengeneza vifurushi vyake. Agiza kabla ya kufungua. Kalipa iliyofunguliwa ikikaa kwa karatasi mwezi mzima hupoteza vitu.

Kitu moja serious: pedi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi na mdomo wala kompresa. Lowesha kwanza, panguza na kitambaa, tupa kitambaa kwa mfuko uliofungwa.

Kufungua

Siri ya mafundi wazuri ni kulegeza bolti ngumu kalipa ikiwa bado imefungwa kwa pikipiki. Hapo foki inakusaidia kushika. Ukishaitoa, itakuwa inakuzungukia kwa meza kama samaki. Kwa hivyo legeza bolti mbili zinazoshikanisha nusu mbili za kalipa, na skrubu ya kublidi, kabla ya kitu kingine. Skrubu ya kublidi ikikataa, usilazimishe. Ina tundu katikati, hivyo hukatika kama chaki. Ipulizie dawa ya kulegeza, ipashe moto na maji moto, igonge taratibu juu, ngoja, jaribu tena kesho.

Sasa toa kalipa lakini usikate paipu. Hapa ndipo wasee wengi huharibu. Wanatoa paipu haraka, alafu wanabaki na pistoni imekwama ndani bila kitu cha kuisukuma. Leva yako ndiyo mashine bora ya kutoa pistoni uko nayo.

Tenganisha nusu mbili. Kwa CB750 unaweza kufanya hivyo bila kumwaga mafuta, juu pistoni ni moja na mafuta haipiti kwenye kiungo. Kalipa zenye pistoni mbili zinazoangaliana, kama Brembo za zamani, huwa na njia ya mafuta inayovuka kati ya nusu mbili. Hizo usizitenganishe kama huna sili ndogo za hapo katikati.

Kutoa pistoni bila drama

*Njia ya kwanza: leva.* Weka nusu yenye pistoni ndani ya karai lenye vitambaa. Jaza mafuta kwa masta silinda na uvute leva polepole. Pedi ya mviringo itatoka kwanza, pistoni itafuata. Endelea kuongeza mafuta ndio usivute hewa. Kama ni kalipa ya pistoni mbili, moja itatangulia. Izuie na klampu ndio nyingine isogee, la sivyo ya kwanza ikitoka presha yote imeisha.

*Njia ya pili: joto.* Leva ikigonga ukuta, mwaga mafuta, toa kalipa kabisa na uichemshe ndani ya maji kwa sufuria ambayo haitawahi rudi jikoni. Si ya mathe. Aluminiamu hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hivyo shimo linafunguka kidogo kuliko pistoni inavyokua. Mara nyingi hiyo nafasi ndogo inatosha kuvunja ule unga mweupe. Rudisha paipu, vuta leva tena. Usitumie moto wa gesi. Mafuta ya breki huwaka, na dawa zingine za kuosha breki zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu.

*Njia ya tatu: pampu ya grisi.* Kama masta silinda nayo imekufa, fundi wa lethi anaweza kukutengenezea kiunganishi. Shimo la paipu kwa Honda za wakati huo lina nyuzi za milimita 10 kwa 1.25. Unafunga nipo ya grisi hapo, unaziba skrubu ya kublidi, unapampu. Pistoni inatoka pole pole kama dawa ya meno kwa tyubu. Kazi mbaya ni baadaye: lazima utoe kila chembe ya grisi, kila tundu, juu grisi ya kawaida inavimbisha sili.

Na kompresa? Inafanya kazi, lakini hewa hujibana alafu hufyatuka. Pistoni iliyokwama ikiachilia kwa presha ya kompresa inatoka kama risasi, na kama vidole vyako viko mbele, pole sana. Ukilazimika, presha iwe ya chini kabisa, kipande cha mbao mbele ya pistoni, kalipa imefunikwa kitambaa, na mikono iko mbali.

Plaisi kwa uso wa pistoni? Zii. Mkwaruzo mmoja tu na hiyo pistoni imekuwa uzito wa kuzuia karatasi, isipokuwa ulikuwa umeshaamua kuweka mpya.

Osha, alafu uwe mkali na macho

Toa sili za zamani na kitu cha mbao ama plastiki, na uzitupe. Hakuna kurudisha sili kuukuu "juu bado zinakaa poa". Osha kila kitu na spiriti.

Sasa kazi yenyewe: ule mfereji wa sili. Chukua kifaa chenye ncha iliyopinda, kama cha daktari wa meno, na ukwangue unga mweupe wote pole pole, hasa kwenye kona. Usikwaruze kingo za mfereji. Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo sehemu ambayo fundi mwenye haraka huruka. Ukiiruka, sili mpya itakaa juu ya ule unga na kuikaba pistoni tena. Umelipa, na kalipa bado imeshika.

Ukuta wa shimo, usugue kidogo na msasa laini wa namba 1000 uliolowa, ama kisugulio cha nailoni. Usijali mikwaruzo midogo hapo, juu kwenye kalipa hii mafuta haizuiwi na ukuta. Inazuiwa na sili kwa pistoni.

Pistoni ndiyo haina msamaha. Isugue na Brasso, iangalie kwenye mwanga, kisha pitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwa kashimo mahali sili hupita, hiyo pistoni imeisha. Usiipige msasa ndio shimo lipotee, utatoa kromu na kutu itarudi kwa fujo. Badilisha.

Hapa Nairobi una njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza, na wengi huchagua za steini lesi juu hazishiki kutu. Ya pili ni kupeleka kwa fundi wa lethi, kama wale wa Kariobangi Light Industries, akukatie moja. Wapo wanaoweza, lakini mpe masharti: chuma iwe steini lesi, si chuma ya kawaida. Kipenyo kipimwe na mikromita kutoka sehemu ya pistoni ya zamani ambayo haijaliwa, na kalipa yenyewe iwe hapo mezani. Uso ung'arishwe kama kioo, na ukingo wa mbele uwe umelainishwa ndio usikate sili ikiingia. Akikuambia "hiyo tutakadiria", chukua vitu vyako.

Kisha toa ile pini ya mkono. Isugue, badilisha pete zake za mpira, ipake grisi. Mkono uyumbe kwa kidole kimoja.

Na kuna kalipa haifai kuokolewa: bodi imepasuka, nyuzi za skrubu zimeliwa, ama kingo za mfereji zimemomonyoka hadi sili haina pa kushika. Hapo tafuta nyingine, na hata hiyo nyingine uifungue na kuifanyia kazi hii yote. Kalipa ya mtumba ni kalipa iliyolala kwa garage ya mtu mwingine.

Kurudisha

Nawa mikono. Lowesha sili mpya na mafuta safi ya breki ama grisi ya mpira wa breki, uiweke kwa mfereji na upitishe kidole kuhakikisha haijajikunja. Lowesha pistoni, iweke wima, isukume na vidole gumba. Inafaa iingie kwa nguvu ya mikono. Ikidai nyundo, simama: kuna kitu kimekaa vibaya.

Kando ya pedi ya mviringo, paka grisi ya silikoni kidogo sana ndio maji yasiingie. Uso wa pedi na diski usiguswe na grisi yoyote. Kaza bolti kwa kiwango cha manual, na weka washa mpya za shaba kwa bolti ya banjo. Kama paipu za mpira ni zile zile za kiwandani, ni kuukuu kuliko wewe. Badilisha.

Kublidi

Jaza masta silinda na mafuta mpya. Paipu ya plastiki kwa skrubu, upande mwingine uzame kwa mafuta ndani ya chupa. Vuta leva na uishikilie, fungua skrubu, leva itashuka, funga skrubu, ndio uachilie leva. Rudia. Usikubali mafuta iishe juu, la sivyo unaanza upya. Endelea hadi viputo viishe na leva iwe ngumu.

Bado iko laini kama mandazi? Funga leva kwa mshikio na kamba ya mpira, uache hadi asubuhi. Viputo vidogo hupanda vyenyewe. Kesho yake ongeza mafuta na ublidi tena kidogo.

DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na DOT 3 ama 4. DOT 5.1 ni kitu tofauti, hiyo ni ndugu ya DOT 4 licha ya jina. Na mafuta ya breki hula rangi, kwa hivyo tone likianguka kwa tangi, mwagia maji mara hiyo hiyo.

Mwisho, rekebisha skrubu ya kusimamisha mkono wa kalipa: izungushe hadi pedi iguse diski, kisha irudishe hadi tairi izunguke huru, na nusu mzunguko zaidi. Kaza nati yake.

Pima kabla barabara ikupime

Tairi ikiwa juu, vuta leva mara kumi, ukiachilia kila mara uzungushe. Izunguke huru mara zote kumi. Kisha shikilia leva kwa nguvu dakika moja: isizame. Cheki kama kuna unyevu kwa banjo na skrubu. Panguza diski na spiriti.

Jaribu ukisukuma na miguu, kisha mwendo wa polepole ndani ya kompaundi, kisha barabara tupu. Rudi, nyunyizia diski tone la maji bila kuigusa na mkono. Kama hukuwa umefunga breki sana na maji bado yanachemka, kuna kitu kinaburuta. Rudi kwa yale majaribio matatu.

Vitu mtaa utakuambia, na vyenye si vya kufanya

*"Weka oili ya engine, ni mafuta tu."* Mpira wa sili haupatani na mafuta ya petroli. Unavimba, na kalipa pamoja na masta silinda zinashika zote. Vivyo hivyo dizeli na petroli ya kuoshea.

*"Pulizia tu dawa ya kulegeza."* Kwa bolti, sawa. Kwa pistoni na pedi, umepaka diski mafuta, sasa breki haishiki kabisa.

*"Toa hiyo ya mbele, tumia ya nyuma."* CB750 ya kwanza ina dramu nyuma na uzito wa kilo zaidi ya mia mbili. Utatumia ya nyuma na ukuta.

*"Nitakukatia sili kwa tyubu."* Toa funguo, enda nyumbani.

Ukipeleka kwa fundi, hakuna ubaya, si kila mtu ana muda. Omba vitu vitatu: afungue chupa ya mafuta mbele yako, akurudishie sili za zamani mkononi, na akuonyeshe mfereji ukiwa msafi kabla ya kufunga. Fundi mpoa atafurahi kukuonyesha. Yule atakasirika, umejua mapema.

Ukimaliza, badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili hata kama nduthi haitoki, na uvute leva mara kwa mara ikiwa imepaki. Kalipa huuliwa na kukaa kuliko inavyouliwa na kutembea. Hiyo Honda ilitengenezwa iende, na iweze kusimama pia.